Mwezi wa Saa Sita Kasoro Dakika Kumi

6 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimeketi juu ya kapu la mashuka kwenye paa la hospitali, kwa hiyo ukiona mstari umepinda usiulaumu mkono wangu, ulaumu kapu. Sisi hatujambo. Shemeji yako goti limepona ila kukoroma kuko palepale. Wapangaji wa chini wamehama, naye anaapa kwamba si yeye aliyewafukuza. Binti yetu mkubwa amejifungua salama, mtoto wa kike, kichwa kikubwa kama chako. Hongera, babu.

Hapa chumba cha dobi tumeletewa mashine mbili mpya. Zinafua, zinasuuza, zinakamua, lakini hazipandi ngazi kwenda kuanika. Kwa hiyo bado kila asubuhi napanda, na asubuhi nyingi nikitandaza shuka la kwanza naukuta mwezi juu ya matangi ya maji, umepauka kama sabuni iliyokwisha. Ndio ulionikumbusha daftari la Baba.

Nimelitoa sandukuni. Wasichana ninaofanya nao kazi waliniuliza ni hesabu za nini, nikawaeleza: baba yetu alikuwa mchapaji wa kalenda za ukutani, zile zenye viduara vya mwezi chini ya tarehe, cheusi, cha nusu na cheupe. Nyakati za kuchomoza na kutua aliletewa na wataalamu, lakini hakuziamini mpaka sisi wawili tumezihakiki kwa macho, wewe mawio, mimi machweo. "Usichape usichokiona." Wasichana wakacheka. Mmoja akaniuliza, "Kwani mama, hamkuwa na redio?"

Ukurasa wa mwisho ni wa mwezi wa Mei. Mistari imejazwa hadi tarehe 14, siku moja kabla ya mwezi mpevu. Baada ya hapo ni karatasi tupu, na sababu unaijua. Unakumbuka pia alivyotufundisha kwamba kila baada ya miaka kumi na tisa mwezi hurudi kwenye tarehe zilezile, kama mfanyakazi aliyetoka likizo? Nimehesabu kwa vidole, kisha kwa kalamu. Mei hii itakuwa miaka thelathini na minane tangu tumzike, yaani kumi na tisa mara mbili. Mwezi utakuwa mpevu tarehe 15, kama mwaka ule.

Tuumalize ukurasa, Kaka. Wewe mawio, mimi machweo.

Na jambo la mwisho, nalo ndilo la kwanza. Binamu yetu fundi saa alipita kwako Desemba. Anasema ulimmiminia chai pembeni mwa kikombe, na ukaendelea kumimina. Macho yako yakoje?

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu Kistari,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe 3 mwezi huu, baada ya kutembea siku ishirini na tano. Ina miguu mifupi kama ya mumeo. Mpe pole ya goti, na mtoto mchanga umpe baraka zangu. Kichwa kikubwa si kasoro, ni nafasi.

Barua yenyewe ina makosa manne. Sitayataja, ila la tatu liliniuma.

Utaona kwamba naandika kwa taipureta. Ni ile ya ofisi ya kiwanda cha uchapaji. Walipofunga milango walinipa iwe kumbukumbu ya miaka arobaini ya usahihishaji. Vidole vyangu vinamjua kila mkazi wake kwa jina na nyumba anayokaa. Mwandiko wa mkono nimewaachia vijana.

Hapa nyumbani ni kuzuri. Chumba cha mbele nimempangisha mama mmoja fundi cherehani, anashona sare za shule. Ni mtu mwema, ila huimba, na sauti yake inahitaji kupigwa pasi. Wifi yako ametimiza miaka mitatu tangu atuache. Kiti chake bado kiko dirishani. Sikihamishi. Nikikihamisha nitajikwaa.

Kuhusu ukurasa wa Baba, nakubali, kwa sharti moja alilotuwekea yeye. Hakuna kukisia. Ukiona, andika saa na dakika. Usipoona, andika kwamba hukuona. Nalirudia kwa sababu kwako wewe kuna historia. Mimi nilikuwa na homa, nawe ukiwa na umri wa miaka minane ukapewa zamu yangu ya mawio kwa juma moja. Siku ya sita usingizi ukakushinda, na asubuhi ukaandika kwa ujasiri: "Saa sita kasoro dakika kumi usiku. Safi." Hukujua kwamba ulichagua tarehe pekee ya mwezi mzima ambayo mwezi hauchomozi kabisa. Baba alisoma, akaweka kikombe chini, akauliza kwa upole, "Mwanangu, mwezi huu wa kwako umetokea wapi?"

Nikiwa kitandani nilicheka hadi homa ikashuka. Niruhusu niendelee kucheka.

Habari za chai: binamu yetu hutengeneza saa za watu na ya kwake haijapata kusema kweli. Chai ilikuwa ya moto na kikombe kilikuwa kidogo.

Ukiniandikia tena, tumia wino mweusi na herufi kubwa zilizoachana. Si kwa sababu yoyote. Wino wa bluu hauna heshima.

Kaka yako


2 Aprili

KAKA YANGU,

Shikamoo. Haya, nimetii. Karatasi nzima imekula maneno machache, na karani wa posta kaniuliza kama namwandikia mtoto wa chekechea. Sisi wazima. Mtoto ameanza kutabasamu, shemeji yako anadai ni kwa ajili yake.

Cheka tu. Mimi asubuhi ile naikumbuka kwa namna nyingine, kwa sababu wewe ulikuwa kitandani na hukuona yaliyofuata. Baba hakunigombeza. Alinishika mkono tukaenda kiwandani kabla ya wafanyakazi kufika. Mashine zilikuwa zimelala. Sakafu ilinukia mafuta ya taa waliyooshea herufi jana yake, na ile harufu ya wino ambayo Mama hakuweza kuitoa kwenye mashati yake hata kwa majivu. Akanionyesha visanduku vya herufi za risasi, za kuchapia, kila herufi na chumba chake.

Akanieleza polepole, kwa vidole. Kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika hamsini hivi kuliko jana. Ukitoka saa tano na robo usiku wa leo, kesho ungetoka saa sita na dakika tano. Lakini saa sita ikishagonga tarehe ya ukutani imebadilika, ile si kesho tena, ni keshokutwa. "Kwa hiyo kesho imerukwa," akasema. "Imebaki bila mwezi wake. Na sisi hatuwezi kuiazima mwezi."

Nikamuuliza, basi tunaacha wazi? Akasema hapana, nafasi wazi ni uzembe, mtu atadhani tumesahau. Akachukua kutoka kwenye kisanduku kipande kidogo cha risasi, kistari, akaniwekea kiganjani. "Kisichokuwepo nacho huandikwa. Hiki ndicho kinachosema kwamba tuliangalia, na haukuwepo."

Kuanzia siku ile nyote mkaniita Kistari, mpaka leo wewe umebaki peke yako wa kuniita hivyo. Kipande chenyewe ninacho. Kinakaa kwenye kopo la vifungo.

Sasa nisikilize. Barua yako ilinijibu kila kitu isipokuwa swali nililokuuliza. Hospitalini kwetu yupo daktari wa macho. Simjui kwa maneno, namjua kwa mashuka. Mimi nafua mashuka ya wodi zote, Kaka, na shuka haliongopi. Ya wodi ya uzazi yanajulikana, ya wodi ya mifupa yananitoa jasho. Ya wodi ya macho huja karibu safi kama yalivyokwenda. Mtu hulala pale asubuhi na mtoto wa jicho, jioni akaondoka, wala haachi hata doa la ukubwa wa punje.

Nakuambia tu. Sikuulizi tena.

KISTARI


4 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini nyote ni wazima kama nilivyo mimi. Mvua hapa zimekuwa nyingi mwaka huu. Kuta za ua zimeota ukungu na fundi cherehani ameweka ndoo tatu kwenye korido, ambazo zinaimba vizuri kuliko yeye. Binti yangu aliniandikia kutoka kazini kwake, anataka nihamie kwake ghorofa ya tano. Nimemjibu kwamba mimi si njiwa.

Nilichelewa kukuletea kazi kwa sababu utepe wa taipureta ulikauka. Mawio ya Mei ni haya:

Tarehe 15, saa 12:15 jioni. Safi.
Tarehe 16, saa 1:05 usiku. Safi.
Tarehe 17, saa 1:55 usiku. Safi.
Tarehe 18, saa 2:45 usiku. Safi.
Tarehe 19, saa 3:35 usiku. Safi.
Tarehe 20, saa 4:25 usiku. Safi.
Tarehe 21, saa 5:15 usiku. Safi.
Tarehe 22, saa 5:50 usiku. Safi.
Tarehe 23, saa 6:05 usiku. Safi.

Zinaendelea kwa mwendo huohuo mpaka tarehe 28. Kuanzia 29 mwezi ulikuwa kizani.

Unaweza kuzinakili kwenye daftari kama utaona zinafaa. Sina la kuongeza.

Kaka yako


25 Juni

KAKA YANGU MPENDWA,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto ameota jino moja. Hayo ndiyo ya nyumbani, mengine nitakueleza kwa mdomo.

Kwanza kazi yangu. Machweo ya tarehe 16 niliyaona, saa 12:50 asubuhi, mwezi mkubwa na mwekundu kidogo nyuma ya bomba la moshi la jiko la hospitali. Ya tarehe 17 sikuyaona, mawingu. Ya 18 niliyaona, saa 2:35. Ya 19 nilikuwa nimeinamia mapazia ya chumba cha upasuaji, nilipoinua kichwa umekwenda; sikuona. Ya 20 na 21 mawingu tena. Ya 22 niliyaona vizuri kuliko yote, saa 5:40 asubuhi, nusu mwezi mweupe kwenye mwanga wa jua, na mashuka ya wodi ya macho yakiwa kwenye kamba mbele yangu. Baada ya hapo mwezi ulikuwa ukitua mchana mkali na sikuweza kuufuata. Ndiyo yote. Siku tatu kati ya kumi na tano. Baba angeniambia nimejitahidi.

Wewe umeona siku zote. Mnavuna maji kwa ndoo kwenye korido, na mwezi wako kila siku ni safi.

Nilitaka kukasirika. Nilichukua kalamu nyekundu kama yako. Niliona kwamba hatua zako zote ni za dakika hamsini kamili, hazizidi wala hazipungui, kama askari wa gwaride, na mwezi wa kweli haujapata kutembea hivyo, huvuta miguu leo, kesho ukaharakisha. Nikajua kwamba umechukua mstari wa mwisho wa Baba, ule wa tarehe 14 ambao hujausahau, ukawa unaongeza kwa kichwa. Nikasema, haya, mzee kachoka kupanda kibarazani, amekisia. Yeye aliyeniwekea sharti!

Kisha nikafika tarehe 22.

Hesabu yako mwenyewe ilikuwa inairuka tarehe 22. Saa tano na robo, kisha saa sita na dakika tano, tarehe 23. Kistari kilikuwa kinakungoja pale, kimewekewa na kiti. Ili uweke mwezi pale ilikubidi uiache hesabu yako, ukachomoza miezi miwili kwa dakika kumi na tano. Na si kwa saa yoyote tu. Saa sita kasoro dakika kumi. Saa yangu mimi, ya miaka minane, uliyonicheka kwa nusu karne.

Watu wa kiwandani walikuita Jicho la Paka kwa sababu hakuna nukta iliyowahi kukupita. Jicho la Paka hawezi kukosea hivyo. Nimekaa na karatasi hii juma zima, na nimefika mahali pamoja tu: hukukosea. Umeniambia.

Nimeomba likizo. Nikijibiwa nitakuja. Usinijibu kama hutaki, nitakuja hivyohivyo.

KISTARI WAKO


9 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimesomewa na fundi cherehani. Husoma kama anayehesabu vifungo, na alipofika katikati akaiweka chini, akaenda kupika uji, akarudi, ndipo akamaliza. Tangu Oktoba ndiye macho yangu. Mara ya kwanza aliniuliza, "Mzee, miwani yako iko wapi nikupe?" Nikamwambia imevunjika. Siku ya tatu akaniletea miwani ambayo haina hata mchubuko, akaiweka mkononi mwangu, akarudi kwenye cherehani yake. Ni mtu mwenye adabu. Kuimba namsamehe.

Mwaka juzi herufi zilianza kuota manyoya. Nikasema ni karatasi za siku hizi. Kisha taa zikapata pete kuzunguka, kisha nyuso zikawa sahani. Mwezi niliuona mara ya mwisho Novemba, doa la maziwa kwenye kitambaa. Sijui hata kama ulikuwa mwezi au taa ya ghala.

Utauliza kwa nini sikusema. Nilikuwa na mwenzangu mpanga herufi. Alikwenda kutengenezwa jicho lililokuwa likimsumbua, akarudi na tundu. Hiyo ni sababu moja, na ndiyo niliyokuwa nikijipa. Ya pili ni kwamba jicho ndilo lililoniozesha, lililolea binti yangu, lililonipa jina. Nilipokaa kizani kila mtu bado aliniita Jicho la Paka barabarani, nami niliitika.

Ulipoomba tumalize ukurasa nilisema nitaweza. Nilikwenda kibarazani tarehe 15, nikakaa kwenye kiti cha wifi yako, ambacho nilimwomba jirani anitolee, kisha akirudishe palepale. Nilisikia majani yakichuruzika. Nikageuza uso upande ule tuliokuwa tukiugeuza, juu ya paa la karakana ya seremala. Hakuna kitu. Nikaingia ndani nikaandika "safi". Nimesahihisha maandishi ya watu kwa miaka arobaini, Kistari, na sijapata kupitisha uongo mkubwa kama neno lile lenye herufi nne.

Yaliyofuata yalikuwa rahisi, nalo ndilo lililonitisha. Hesabu haihitaji macho. Nilifika tarehe 22 nikapiga kistari bila kufikiri, mkono wenyewe ulikijua. Kisha nikakumbuka maneno ya Baba uliyoniandikia, ambayo mimi nilikuwa siyajui. Kistari husema kwamba tuliangalia. Mimi sikuwa nimeangalia. Nikaona kwamba katika ukurasa mzima huo ndio ungekuwa uongo nisioweza kuubeba.

Nilichomoa karatasi, nikaanza upya kutoka tarehe 15, na penye tarehe 22 nikaweka mwezi wako. Sikuwa na namna nyingine ya kulisema jambo lile kwa mdomo wangu.

Chumba cha nyuma kina kitanda, ila kilikuwa na kunguni. Nimekimwagia maji ya moto mara mbili, na godoro limeanikwa juani tangu jana.

Kaka yako


19 Julai

Kaka,

Shikamoo. Nimepewa siku kumi na nne. Tiketi ninayo. Mwagia tena mara ya tatu.

K.


18 Oktoba

Mdogo wangu Kistari,

Marahaba ya mapema, kwa shikamoo utakayoniletea. Utaona kwamba huu ni mkono wangu. Mistari inapanda kulia, nitaifundisha adabu. Taipureta nimempa fundi cherehani aandikie risiti zake.

Nilifika nyumbani salama. Majuma sita kwenye nyumba yenu, tangu ulipokuja kunichukua nikatibiwe macho, yamenithibitishia kwamba wapangaji wa chini walikuwa na haki. Mwambie shemeji nimemkumbuka jana, ngurumo zilipopiga. Mtoto mbusu kichwa, maana sasa nimekiona, na kweli ni changu.

Hukunisamehe, najua, kwa neno langu la kwanza siku walipofungua bandeji. Nilikuwa nimekuacha moyoni na nywele nyeusi. Nikamwona mwanamke mzee mwenye nyusi za Baba, nikasema, "Umezeeka!" Daktari alidhani utalia. Ulicheka hadi muuguzi akaja kutazama. Na lile shuka nililolalia, ulilolichunguza pande zote mbili kama hakimu kabla ya kulipeleka kufuliwa: ulikuwa na haki juu ya hilo pia. Hapakuwa na doa.

Kiti cha wifi yako nimekihamisha. Nilikipeleka mwenyewe kibarazani na sikujikwaa. Nilipokiinua niliona kwamba chini yake sakafu ina rangi yake ya zamani, nyekundu kama siku tulipoipaka pamoja, mraba mmoja mdogo katika chumba kizima. Mengine yote yamechakaa na sikuwa nimeona yakichakaa.

Karakana ya seremala ipo. Paa wamebadilisha. Mti uliokuwa kipimo chetu wameukata, sasa napima kwa mnara wa maji. Tarehe 10 mwezi mpevu ulitoka kushoto kwa mnara, saa 12:19 jioni. Tarehe 11 ulikuwa na wingu. Tarehe 12, saa 1:52, na ulikuwa na madoadoa yake yote, nami nilikuwa nimesahau kwamba una madoadoa. Kizani nilikuwa naukumbuka mweupe mtupu.

Sasa kuhusu daftari uliloniachia. Nilikaa nalo jana. Safu yako ya machweo umeijaza kwa haki: siku tatu ulizoona, na kwa zisizoonekana umeandika kwamba hukuona. Safu yangu ya mawio uliiacha tupu, hukunakili hata moja kati ya zile nilizokuletea. Ahsante. Hazistahili. Na zile za Mei ile nyingine, ya Baba, hatukuziona pia, kwa sababu tulikuwa na msiba na hakuna aliyeinua kichwa.

Lakini jana ilikuwa tarehe 17, nami nilijua ni siku gani: ile ya kurukwa, isiyo na mawio. Asubuhi nilianika shati, nikauona nusu mwezi mweupe juu ya paa, ukishuka kama mtu asiyetaka kuamsha wenye nyumba. Ulitua saa 5:26. Hayo ni machweo, ni zamu yako, nimekushikia. Jioni nikatoa kiti. Nikakaa nikiutazama upande ule mpaka tarehe ya ukutani ilipobadilika. Anga lilikuwa jeusi na safi, nyota hata zisizo na kazi zilikuwa nje. Mwezi haukuwepo, na nilikuwa naona vizuri kwamba haukuwepo.

Kwa hiyo leo nimelifungua daftari kwenye Mei, nikaenda tarehe 22, safu ya mawio. Tarehe ile haikuwa na mwezi mwaka wa Baba, haikuwa nao mwaka huu, na haitakuwa nao miaka kumi na tisa ijayo, nitakapokuwa na miaka themanini na sita na wewe utakuwa bado mdogo wangu. Mistari mingine itangoja hadi hapo. Huu mmoja una haki ya kujazwa, maana siku kama ile sasa nimeiangalia.

Kipande chako cha risasi ulikiacha mezani kwangu ulipokuja, ndani ya kifuniko cha kopo, ukasema umekisahau. Kistari, wewe hujui kudanganya, tumekwisha kulithibitisha hilo tangu ukiwa na miaka minane. Nilikipaka wino, mweusi, nikakibana kwa dole gumba, nikahesabu hadi tano kama Baba alivyokuwa akifanya. Nilipokiinua kilikuwa kimetoka, kifupi, kimenyooka, kingo zote nne zinaonekana.

Nimekitazama hadi wino umekauka.

Kaka yako